Mwamba unapotoka jasho

Swali: "Mwalimu, salaam. Nilianza kupanda miamba Lukenya nikiwa chuoni Nairobi, na Nelion, kilele cha Mlima Kenya, nimefika mara moja. Tangu Septemba niko Sheffield, Uingereza, nafanya kazi ya uuguzi. Oktoba tulipanda mwamba wa Stanage, nje ya mji, raha mustarehe. Ilipofika Novemba kila mtu akahamia kwenye kuta za mazoezi za ndani. Desemba nilimbembeleza rafiki mmoja tukaenda, siku ambayo haikunyesha wala hakukuwa na baridi kali, nikateleza kwenye njia ambayo Oktoba niliipanda kama ngazi. Vidole vilikufa ganzi, kisha vikaniuma hadi machozi yakanitoka. Je, niifungie kamba kabatini mpaka Aprili? Siku zangu za mapumziko ni katikati ya wiki, na ukuta wa ndani umenichosha roho."

Dada, usiifungie. Hapo hapo Sheffield kuna watu wanaokaa kiangazi kizima wakisubiri Januari, kwa sababu njia wanazozitaka hazipandiki kukiwa na joto. Lakini kabla ya kufika kwenye soksi na glavu, nirudi kwenye maneno uliyoyaandika kama utetezi: haikunyesha, wala hakukuwa na baridi kali. Ungeniambia kulikuwa na baridi ya kukata masikio na upepo wa mashariki, ningeshangaa umetelezaje. Kwa siku uliyoieleza, hata mimi ningeteleza.

Na niliteleza. Majira yangu ya kwanza ya baridi huko tulikaa wiki nzima na sakitu. Kila asubuhi vioo vya magari vimeganda, madimbwi yamekuwa sahani. Usiku mmoja upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka magharibi, na asubuhi nikaamka nikakuta kipimajoto kinasoma nyuzi 10. Nikasema leo ndiyo leo. Kwa siku tano halikuwa limeanguka tone. Tulipofika chini ya mwamba nilidhani kuna mtu ametutangulia na ndoo ya maji: ukuta mzima ulikuwa mweusi, unang'aa, na kila chembe ya jiwe ina kitone chake. Nikapaka chaki ya kukausha viganja, nikashika, chaki ikawa uji mkononi. Kwa ukaidi nikapanda hivyo hivyo. Mita tatu juu, mguu ukanitoka, nikateremka haraka kuliko nilivyopanda, na ngozi ya viwiko nikaiacha huko.

Unaijua chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, Mombasa, mchana wa Februari. Iweke mezani, dakika mbili nje imelowa, na hakuna aliyeimwagia maji. Yametoka hewani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu baridi hushindwa kuubeba, ikautua pale pale. Mwamba baada ya wiki ya sakitu ndiyo hiyo chupa. Jiwe ni zito na linachelewa kupata habari: hewa imeshabadilika tangu jana usiku, lakini jiwe bado lina baridi ya juzi na majuzi. Hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kudondosha maji kwenye kitu chochote kilicho na nyuzi 8 kushuka chini. Kiwango hicho huitwa kiwango cha umande, na taarifa nyingi za hali ya hewa hukitaja ukitafuta kidogo. Jiwe letu siku ile nadhani lilikuwa na nyuzi mbili au tatu. Tungeweza kusubiri pale hadi jioni, lingezidi kulowa tu.

Kwa hiyo usiniulize kuna nyuzi ngapi. Niulize vitu viwili: kiwango cha umande leo ni kipi, na usiku mbili tatu zilizopita kulikuwa na baridi kiasi gani. Kiwango cha umande kikizidi ile baridi ambayo jiwe limeilalia, kaa nyumbani upike pilau. Kikiwa chini yake kwa mbali, mwamba utakuwa mkavu hata kama wewe mwenyewe unatetemeka. Unyevu wa hewa ukitajwa kuwa asilimia 95 mchana kutwa, mimi hata mkoba siugusi.

Siku nzuri inafanana hivi: nyuzi 3, jua la mshazari, na upepo unaotoka mashariki, yaani barani Ulaya, mkavu na wenye meno. Upepo wa magharibi hutoka baharini Atlantiki na huja umebeba mtungi. Watu wetu wakifika huko hulalamika kwamba Sheffield inanyesha kuliko kwetu, lakini kwa mwaka ni takriban milimita 830, wakati Nairobi ni karibu 1,000. Tofauti ni namna ya kuitoa. Mvua ya Nairobi hushuka kwa hasira ikaisha, jua likatoka, na Lukenya ikakauka kabla hujamaliza chai. Ya Sheffield ni rasharasha inayogawanywa vijiko vijiko kwa siku nyingi, na katikati ya vijiko hivyo jua halina nguvu ya kukausha chochote. Mwezi Desemba adhuhuri jua hufika nyuzi 13 tu juu ya upeo wa macho. Kwa kweli kinachokausha mwamba majira hayo ni upepo, wala si jua.

Hapa ujuzi wako wa Mlima Kenya unakufaa. Ulipokwenda Nelion bila shaka mlichagua mwezi: uso wa kusini hukauka kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi, wa kaskazini ni wa Juni hadi Oktoba, kwa sababu jua letu la ikweta huhama upande. Huko Sheffield halihami. Liko kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi linatambaa chini kabisa. Ukuta unaotazama kaskazini haulioni kuanzia Novemba hadi Februari. Unabaki na utando wa kijani unaoteleza kama kamasi ya bamia. Zile kingo za kaskazini za mlima wa Kinder ambazo wenzako watazisifia ni za Juni, usidanganywe kwenda Januari. Stanage inatazama kusini-magharibi, iko zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na juu yake hakuna mti wa kuzuia upepo. Ndiyo maana hukauka mapema kuliko sehemu nyingi za Peak District, hifadhi ya taifa ya milima iliyo jirani na Sheffield. Kuna mwamba mwingine upande wa pili wa milima, karibu na Whaley Bridge, unaoitwa Windgather, jina lenyewe likisema ni mahali pa kukusanyia upepo. Njia zake ni fupi na rahisi, na mvua ikikatika asubuhi, kukiwa na upepo mchana unapandika. Machimbo ya zamani kama Millstone yana kinga dhidi ya upepo, jambo zuri kwa mwili wako na baya kwa ukaukaji, basi yaweke kwa siku ambazo kumekuwa kukavu wiki nzima.

Sasa kwa nini baridi yenyewe ni neema. Jiwe la Stanage wenyeji huliita griti. Ni jiwe la mchanga lenye chembe kubwa za kwatsi, lililotuama kwenye mlango wa mto mkubwa yapata miaka milioni 320 iliyopita. Kwa ukwaruzaji huo watu walilichonga kuwa mawe ya kusagia nafaka. Utayaona chini ya mwamba, yamelala majanini, duara kamili, mengine yana tundu katikati, yaliachwa pale biashara ilipokufa; hifadhi ya taifa imelifanya jiwe hilo kuwa nembo yake. Mishiko ya griti mara nyingi si ya kuning'inia, ni migongo ya mviringo. Unabandika kiganja na kuomba Mungu. Kiganja chenye jasho hakibandiki, na raba ya viatu ikipata joto hulainika na kuburura. Kwenye nyuzi kati ya sifuri na tano, jasho limekata na raba imekaza bila kuwa ngumu kama mbao. Mgongo ule ule wa jiwe uliokukataa Agosti unakushika kama msasa. Ukipata siku kama hiyo hata mara moja utaacha kuniuliza habari za Aprili.

Jambo ambalo nalisisitiza hata kwa wanaonikasirikia: griti iliyolowa haipandwi, hata kama wewe uko tayari kuteleza. Jiwe la mchanga likinywa maji hupungua nguvu. Kile kipande chembamba kilichobeba watu miaka 70 kinaweza kukatika mkononi mwako Jumanne yenye manyunyu, na hakitaota tena. Kule kusini mwa Uingereza, kwenye miamba laini ya Harrison's Rocks, mwiko huu ni mkali zaidi kwa kuwa jiwe lenyewe ni kama sukari guru. Ukifika Stanage, weka kiganja bapa ukutani, hesabu hadi kumi, kitazame. Angalia rangi: griti kavu ni ya kijivu mpauko, iliyolowa ni ya kahawia nzito. Angalia hasa sehemu ya juu kabisa, maana mmalizio wa njia nyingi una visahani vya maji ambavyo chini havionekani, na tope la mboji hutiririka humo. Waingereza wengi wamepanda vizuri mita kumi na nane kisha wakakwama kwenye ya kumi na tisa wamekumbatia dimbwi. Wewe zunguka kwanza kwa njia ya miguu, ukatazame mmalizio kwa macho. Maji ya kisahani yafute kwa taulo la zamani. Brashi iwe laini, ya nailoni. Ya waya inakula jiwe. Na ukimwona mtu anakausha mwamba kwa tochi ya gesi, kama wapo waliowahi kujaribu ujinga huo, mwambie nimesema aache.

Tuje kwenye vidole, na hapa najua namfundisha muuguzi. Ganzi uliyoipata ni mwili kufunga mabomba ya pembeni ili moyo na ini vipate joto. Yale maumivu yaliyokutoa machozi ni damu kurudi. Yanatisha, kichefuchefu kinaweza kukujia, lakini kwa kawaida yanakwisha kwa dakika chache bila kuacha dhara. Kosa la wageni ni kupambana na vidole. Vidole si tatizo, kiwiliwili ndicho kilichopungukiwa. Ukiwa na joto tumboni na shingoni, damu inafika yenyewe. Kwa hiyo mimi hupanda bila glavu lakini na fulana ya sufi, sweta na boshori chini ya helmeti, na naonekana kituko, sijali. Nikisimama kwenye mshiko mzuri naingiza mkono mmoja nyuma ya shingo, chini ya kola, ngozi kwa ngozi, kisha mwingine.

Ujanja mwingine nimeufuata kwa miaka. Panda kwanza njia rahisi mno, acha vidole vife ganzi, shuka, vaa glavu nene, yapokee yale maumivu ukiwa umesimama salama chini, ukirukaruka na kulaani. Ni kama kulipa kiingilio. Baada ya hapo, mara nyingi vidole hukaa na joto siku nzima. Ukikataa kulipa chini, utatozwa juu, ukiwa umening'inia mita kumi na tano na hujahisi kama umeshika jiwe au hewa.

Sisi weusi kuna jambo tunapaswa kulijua. Takwimu za jeshi la Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi mikononi na miguuni kwa wingi kuliko wenzao weupe, hata bila vidole kuganda. Vitabu vinakuambia utazame ngozi kama imekuwa nyeupe; kwetu tazama kucha na viganja, na usisubiri rangi. Ganzi isiyotoka baada ya kupashwa moto, au vidole vinavyowaka na kuchomachoma usiku siku kadhaa baadaye, si mambo ya kujikaza kisabuni. Acha mwamba, onana na daktari. Hali kadhalika kama kidole kimoja kimoja hugeuka kama chaki hata ukiwa unatoa maziwa kwenye friji, huenda ni ugonjwa wa Raynaud, wa mishipa midogo ya damu kubana kupita kiasi, na hapo mpango wote unabadilika.

Kano nazo hazipendi kushtukizwa. Katika baridi, ile mikanda midogo inayoshikilia kano kwenye mfupa wa kidole hukatika kwa mlio kama wa kijiti kikavu. Niliusikia wa mwenzangu kutoka mita sita, akakaa miezi bila kupanda. Tembea kwa kasi kutoka stesheni, ning'inia kwenye mishiko mikubwa, na vijishiko vya nusu kucha viache kwa siku nyingine. Usiku paka mafuta ya mgando viganjani ulale nayo. Griti hula ngozi kama ilivyokula mahindi na ngano, na ngozi iliyokauka kwa baridi na sabuni ya hospitali hupasuka kwenye mikunjo. Asubuhi ya kupanda usipake chochote.

Mavazi nisiyarefushe. Pamba iache nyumbani, maana ikilowa jasho hukaa imelowa. Panda kilima ukiwa umevaa kidogo kiasi cha kuhisi baridi, ufike bila jasho, kisha badilisha fulana pale pale hata kama upepo unakuzomea. Jaketi la manyoya ya bata ni la kuvaa chini, unapomshikia mwenzako kamba. Viatu vya kupandia vibebe ndani ya jaketi, kifuani, na usivikanyagie matope. Simama juu ya kipande cha zulia, futa nyayo kwa mkono hadi raba ilie. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari isiyo na aibu. Mengine ni ya maduka kukuuzia. Joe Brown alikuwa fundi bomba wa Manchester, na mwaka 1949 aliipanda pale Stanage njia ya Right Unconquerable, ambayo hadi leo inawatoa watu jasho. Husimuliwa kwamba alipoanza kupanda alitumia kamba ya mama yake ya kuanikia nguo. Kamba ya kuanikia usiichukue, lakini jaketi la mtumba linatosha kabisa.

Anayeumia zaidi siku ya baridi si mpandaji, ni mshika kamba. Wewe juu unahangaika na damu inakimbia. Yeye amesimama nusu saa kwenye majani yaliyolowa, mikono imekufa, na mikono hiyo ndiyo breki yako. Chagueni njia fupi, pokezaneni haraka, na msiwe zaidi ya wawili kwenye kamba. Avae glavu za ngozi ambazo amezizoea. Kamba iliyolowa hupungua nguvu, na ikiganda huwa kama waya, hupita vibaya kwenye kifaa cha kuizuia. Ikilowa siku hiyo, basi, siku imekwisha. Kwenye nyufa zenye utelezi, vile vyuma vya springi unavyovichomeka ufani ili vishike kamba ukianguka vinaweza kuchomoka vikivutwa, hivyo tegemea zaidi kabari zilizokaa vizuri mahali ufa unapobana. Bolti, yaani vyuma vya kudumu vilivyotobolewa mwambani, hutazikuta. Kwenye griti hazikubaliki, na hilo usilijadili na wenyeji baa kama unataka kurudi nyumbani mapema. Shuka madaraja mawili ya ugumu kutoka pale ulipokuwa Oktoba. Na kwa kuwa wewe ni mgeni, ujue mizaha yao: njia wanayoipa daraja la Difficult ni miongoni mwa zile rahisi kabisa.

Mwanga utakudanganya. Mwili wako bado unaamini jua linazama saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu maisha yako yote lilifanya hivyo. Sheffield, tarehe 21 Desemba, linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi. Ukianza njia ya mwisho saa tisa unacheza na giza. Taa ya kichwani iwe mkobani kila safari, hata ukienda kwa saa mbili, na betri uziweke mfukoni mwilini maana baridi huzinyonya. Mwanzoni niliidharau hii, nikateremka kutoka Stanage kwa mwanga wa simu yenye asilimia nne, nikiyapapasa mawe kama kuku. Likitokea jambo, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unataka uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea, hawakutozi. Simu ikikataa, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia. Aliyevunjika mguu kwa nyuzi 2 na upepo huanza kupoa mapema mno, kwa hiyo mkoba wangu una mfuko wa plastiki wa kuingia watu wawili. Sijawahi kuutumia kwa ajali. Nimeutumia mara nyingi kula chapati ndani yake wakati wa mvua.

Mwenzako atakwambia mwende kwenye chokaa, maana Peak District ina miamba ya chokaa pia. Mwezi Januari mingi inavuja: maji yaliyonyesha wiki tatu nyuma yanachungulia kutoka ndani ya nyufa, na uso wake usiopitisha maji hutoka jasho kuliko hata griti. Isipokuwa ukuta mfupi unaotazama kusini, baada ya ukame, uachie Mei. Ukipata likizo ya siku nne na gari, Portland kule pwani ya Dorset ni chokaa inayopigwa na jua na upepo wa bahari, watu huipanda Desemba wakiwa na sweta tu. Wenye uwezo hukata tiketi ya Hispania. Na ukuta wa ndani usiuchukie sana. Majira haya ndio unaokuweka tayari ili siku ya kavu ikija usiwe mlegevu.

Kuhusu mapumziko yako ya katikati ya wiki, una bahati usiyoijua. Jumamosi kavu ya Januari Stanage inajaa kama soko la Gikomba. Jumatano una kilomita tano na ushee za mwamba wewe na kondoo. Shida ni mwenza, na mwenza wa majira ya baridi si yule mnayepanga naye wiki mbili kabla. Tafuta watatu au wanne wenye zamu kama zako, manesi, wapishi, wanafunzi wa uzamili, mfungue kundi la ujumbe, na uamuzi mfanye asubuhi ile ile saa moja, baada ya kutazama kiwango cha umande na upepo. Watatu wakisema hawawezi, wa nne ataweza. Usitoke zamu ya usiku ukaenda moja kwa moja. Mtu asiyelala hupoa haraka na hufunga mafundo ya ajabu.

Siku ninayokutakia ni ile ambayo mjini kuna ukungu mzito umekwama tangu juzi, hakuna upepo, mgandamizo wa hewa uko juu, na kila mtu kazini kwako ananung'unika. Hewa baridi imezama mabondeni pamoja na mawingu yake, na juu yake kuna hewa kavu yenye joto zaidi. Panda treni ya kuelekea Manchester, shuka Hathersage, haifiki nusu saa. Anza kutembea kuelekea juu, saa nzima hivi, ndani ya ukungu unaodondoka kwenye nyusi. Huenda ukafika mwambani bado umo ndani yake, kila kitu kimelowa, na hapo unakunywa chai yako na kurudi, hakuna la kufanya. Lakini mara nyingine, hatua mia moja kabla ya mwamba, ukungu unapata rangi ya maziwa, kisha ya dhahabu, kisha unatoka kichwa. Bonde lote la Hope limejaa mawingu meupe kama sufuria ya maziwa inayotaka kufurika, na kitu pekee kinachochomoza ni bomba la kiwanda cha saruji. Kwa mtu aliyejifunza Lukenya, huku viwanda vya saruji vya Athi River vikifuka vumbi kule chini, ni kama kusalimiwa na jirani wa nyumbani. Weka kiganja ukutani, hesabu hadi kumi. Kikitoka kikavu, vaa viatu. Nitumie picha ya bomba.